Sheikh Nionyeshe na Kabati la Kufuli Mbili

Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho. Mtaani walimwita Sheikh Nionyeshe, na hakuna aliyeweza kusema kwamba kwa jina hilo alionewa. Ukimwendea na swali kuhusu rangi ya nywele, atakwambia, "Nionyeshe." Utarudi nyumbani ulete kopo, naye atasoma maandishi yote ya nyuma, hata yale madogo ya anwani ya kiwanda. Aliwahi kuulizwa kuhusu sabuni iliyosemekana ina mafuta ya nguruwe, akapanda gari mpaka kiwandani, akazungushwa na meneja saa tatu nzima, akarudi kanzu inanukia maua kama bwana harusi. Aliwahi kuulizwa kuhusu bima, akataka aletewe mkataba mzima, akaukalia wiki mbili, na yule muulizaji akakoma kuuliza maswali marefu. Watu walichoka naye sana, lakini hata hao waliochoka, wakitaka jibu la kulalia usingizi, walikwenda kwake.

Binti yake mkubwa alijivunia jambo hilo kuliko watoto wengine wanavyojivunia gari la baba. Shuleni wenzake walipomcheka kwamba baba yake ni mzee wa kunusa sabuni, aliwajibu kichwa juu: "Baba zenu nyie wanajuaje wanachokula?" Na ndiyo maana akawa mfamasia. Walimu wa chuo walipomuuliza kwa nini amechagua mambo ya dawa, alisema kwao hakuna mtu anayemeza kitu bila kukisoma. Walidhani anatania.

Sasa alikuwa ametimiza miaka kumi na minne kwenye chumba cha dawa cha hospitali, nyuma ya dirisha la kioo lenye tundu la kuongelea. Wagonjwa walimwita Dada Subiri, maana hakuna aliyewahi kuondoka na dawa kabla hajasomewa maelezo yake, awe na haraka au asiwe nayo. Damu ni damu, bwana.

Jambo lenyewe lilianzia kwa mdogo wake. Mdogo wake huyo alikuwa na mtoto wa kike wa miaka sita, na wote waliishi kwa wazazi. Babu alimwita mtoto "mke wangu," bibi alimwita "mke mwenzangu," na mtoto mwenyewe aliamini kabisa kwamba nyumba ni yake na wengine ni wageni wake. Kifafa kilimwanza akiwa na miaka miwili. Siku nyingine kilimkamata mara kumi, siku nyingine mara ishirini. Mama yake alitundika kalenda nyuma ya mlango wa jiko, na kila mtoto aliposhikwa alichora mstari mmoja wa penseli. Ukiiona kalenda hiyo kwa mbali ungedhani kuna mtoto ameichezea.

Halafu kulikuwa na Fatiha. Mtoto alikuwa na kichwa chepesi cha kushika maneno, na aya zote saba alizijua kwa kuzisikia tu. Kila alasiri babu alimkalisha mbele yake kwenye mkeka, miguu imekunjwa, mama yake karibu na mto. Mtoto alianza vizuri, sauti nyembamba, safi. Akifika aya ya nne, au ya tano, macho yaligeuka, mkono ukaanza kupiga, na mama akamlaza ubavu kwenye mto. Alipozinduka alikuwa ameshasahau alipofika, kwa hiyo alianza upya mwanzo, na wala hakulalamika. Hakuwahi kufika mwisho hata siku moja. Babu ndiye aliyekuwa akitoka nje kila mara, eti kufuta miwani.

Dawa tatu zilikuwa zimeshajaribiwa. Ya kwanza ilimlaza mtoto mchana kutwa. Ya pili ilimtoa vipele mwili mzima. Ya tatu ilimkata hamu ya kula mpaka nguo zikawa zinamvuka, na mistari ya penseli haikupungua hata mmoja. Ndipo daktari wa watoto akaandika ya nne. Ilikuwa dawa ya maji, kwenye chupa ya kahawia, imeingia nchini kwa kibali maalumu, na imetengenezwa kutokana na mmea wa bangi.

Mfamasia angeweza kunyamaza. Tuseme ukweli, wangapi wangenyamaza? Jina lililoandikwa juu ya chupa lilikuwa refu, la kitaalamu, na mdogo wake asingelielewa. Lakini alipiga moyo konde, akamkalisha mdogo wake kwenye benchi la nje ya chumba cha dawa, akamsomea kila kitu, neno kwa neno, kama alivyowasomea wengine wote.

"Bangi, dada?" Mdogo wake alitoa macho. "Hii hii ya vijiweni?"

"Mmea ndio huo. Lakini kile kinacholevya kimetolewa. Kilichobaki ndicho kinachotuliza kifafa."

"Sasa ulikuwa na haja gani ya kuniambia? Ungenyamaza tu, mimi ningempa mwanangu, dhambi ikawa ya asiyejua."

"Ungemaliza chupa ngapi kabla hujajua? Na siku ukijua, ungeniamini tena?"

Mdogo wake alizungusha pete kidoleni. "Mimi nataka mwanangu apone, Mungu anajua. Lakini siwezi kumnywesha kitu ambacho babu yake amekiandika haramu, halafu nimpeleke akasome Fatiha mbele yake. Siwezi, dada. Mpaka baba aseme."

Na baba alikuwa ameshasema. Miezi mitano nyuma, fundi baiskeli mmoja alisimama kwenye baraza la maswali, lile la kila Alhamisi baada ya swala ya alasiri kwenye ukumbi wa nje wa msikiti, akauliza kuhusu mafuta ya bangi ambayo shemeji yake alikuwa akiyauza kwenye chupa za soda kwa ajili ya maumivu ya mgongo. Sheikh alijibu kabla fundi hajakaa chini. Kisha akainuka, akaandika kwenye ubao wa majibu, kwa ule mwandiko wake ulionyooka: *Bangi ni haramu. Hata kwa dawa.* Ubao huo ulikuwa haufutwi. Kila ubao ulipojaa ulitundikwa ndani na mwingine ukaletwa, na zilikuwa zimeshafika mbao kumi na moja. Katika miaka thelathini na minane hakuna jibu hata moja lililowahi kubadilishwa. Hilo nalo familia nzima ililijivunia, na ndilo lililokuwa limewabana sasa.

Jioni ile ile mfamasia alimfuata baba yake sebuleni.

"Baba, nina swali kuhusu ile dawa ya mtoto."

Mzee alikunja gazeti. Alikuwa ameshasikia, maana nyumba ile haikuwa na siri. "Swali lililojibiwa barazani huulizwa tena barazani," alisema. "Nikikujibu wewe hapa kwenye kochi, kesho watasema sheria ya sheikh ina mlango wa nyuma kwa ajili ya mjukuu wake."

"Lakini ni mjukuu wako kweli."

"Ndiyo maana," alisema mzee. "Alhamisi. Na ukija, unajua kwenye baraza sina mtoto."

Alijua. Tangu utotoni alijua kwamba pale mbele ya watu baba yake ni Sheikh, na mtu wake mwenyewe hupanga foleni nyuma ya wauza mkaa. Siku hiyo alikasirika mpaka akashindwa kula. Lakini hata katikati ya hasira zake kuna kitu kifuani kilisema, huyu ndiye baba yangu, na asingekuwa hivi ningemdharau.

Alhamisi alikaa upande wa wanawake, nyuma ya pazia la kijani, akiwa na koti lake jeupe la kazi juu ya gauni, maana alitoka kazini moja kwa moja. Alisubiri zamu. Mbele yake kulikuwa na swali la urithi, swali la swala ya msafiri, na mama mmoja aliyetaka kujua kama kumsengenya mtu aliyekwisha kuhama mtaa ni dhambi ile ile. Halafu zamu yake ikafika, naye akasimama.

"Sheikh, swali langu ni kuhusu bangi kwa mgonjwa."

Mzee aliijua sauti. Mikono yake iliacha tasbihi. "Limeshajibiwa, muulizaji. Tazama ubaoni, mstari wa tatu."

"Nimeutazama, sheikh. Nimetazama na mbao zote kumi za ndani. Sabuni, ulikwenda kiwandani. Bima, ulisoma mkataba. Rangi ya nywele, uliletewa kopo." Akalishika pazia. "Nimewauliza watu waliokuwepo siku ile. Kwenye bangi, sheikh, hukusema nionyeshe."

Kule upande wa wanaume kuna mtu alikohoa akajuta. Kumwambia mtu kwamba amekosea ni jambo moja; kumwambia Sheikh Nionyeshe kwamba hakutaka kuonyeshwa ni kumvua kilemba hadharani. Mfamasia alisimama pale nyuma ya pazia, masikio yakimwaka moto, akatamani ardhi ipasuke, lakini hakukaa chini.

Mzee alivua miwani. Safari hii hakutoka nje kuifuta. Aliifuta pale pale, mbele ya watu wote, kwa pindo la kanzu, kioo kimoja kisha kingine.

"Kweli," alisema. "Sikusema." Akavaa miwani. "Muulizaji, unafungua saa ngapi?"

"Saa mbili asubuhi."

"Nionyeshe."

Saa mbili kasoro dakika kumi Ijumaa ile, Sheikh alikuwa ameshasimama nje ya chumba cha dawa na fimbo yake, na viatu amevipanga vizuri pembeni ya mlango.

"Baba, vaa viatu. Hapa si msikitini."

"Mahali pa amana ni mahali pa amana," alisema mzee, lakini akavivaa.

Alimwingiza ndani, nyuma ya kioo, mahali ambapo hakuwahi kufika katika miaka yote kumi na minne. Mzee alizungusha macho: rafu mpaka dari, visanduku vyenye herufi, jokofu lenye kipimajoto na karatasi ya joto la asubuhi na jioni, sinki linalong'aa. Alisogea kwenye rafu, akasoma vibandiko, akarudi nyuma. Alikuwa akiitikia kwa kichwa taratibu, vile anavyofanya mwanafunzi wake anaposoma bila kosa.

Kwenye kona kulikuwa na kabati la chuma, la kijivu, lenye kufuli mbili.

"Dawa yenyewe imo humo," alisema mfamasia. "Lakini siwezi kulifungua peke yangu. Ufunguo mmoja ninao mimi, wa pili anao muuguzi mkuu."

Muuguzi mkuu akaitwa, mama mmoja mpana, mwenye kicheko cha karibu. Kila mmoja alifungua kufuli yake. Kisha mfamasia akatoa daftari nene, akaandika saa, akaandika sababu, akasaini, na muuguzi akasaini chini yake.

"Mnaandika hata kama mnaangalia tu?" aliuliza mzee.

"Hata kama tunaangalia tu."

"Mashahidi wawili," alisema mzee kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekutana na jirani yake wa zamani katika mji wa mbali.

Chupa ikawekwa mezani. Maswali yakaanza, na yalikuwa maswali kweli kweli. Imetengenezwa wapi, na nani, na nani aliwakagua hao? Daktari aliyeandika ni wa nini, na ana miaka mingapi kwenye kazi hiyo? Dawa nyingine zote zimejaribiwa, au zimetajwa tu? Mfamasia alimtolea faili la mtoto, karatasi kwa karatasi: ya usingizi, ya vipele, ya kukosa hamu ya kula. Mzee alisoma zote, kidole chini ya mstari.

"Tumefundishwa kwamba kinacholevya kikiwa kingi, hata kidogo chake ni haramu," alisema. "Sasa niambie bila kunionea haya. Mtu mzima akiinywa chupa hii yote, atalewa?"

"Hatalewa. Tumbo litamsumbua, usingizi utamchukua, na ini lake litaumia. Ile chembe ya ulevi iliyobaki ni ndogo mno, imepimwa, na kipimo chake ndicho hiki hapa. Na sitakudanganya kwamba itamponya mtoto. Wengine inawapunguzia sana, wengine kidogo, wengine haiwasaidii kabisa."

"Unajuaje halewi? Umeionja?"

"Sijaionja."

"Basi nipe kijiko kimoja nionje mimi."

Alinyoosha mkono. Hakutania, mtu aliyezungushwa kiwanda kizima kwa ajili ya kipande cha sabuni hakosi kunyoosha mkono. Mfamasia akaisogeza chupa upande wake wa meza.

"Hapana."

"Mimi ni babu wa mgonjwa."

"Hapana, baba."

"Mimi ni baba yako."

"Hapana. Huna cheti cha daktari. Jina lako halimo kwenye daftari."

"Na nikisema ni kwa manufaa ya umma?"

"Umma nao hauna cheti."

Muuguzi mkuu alivunjika mbavu, ikabidi ashike kabati. Mzee alibaki na mkono hewani, akamtazama binti yake kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Tangu amzae, binti huyo hakuwahi kumwambia "hapana" mara tatu mfululizo. Akaurudisha mkono, akaushika na ule mwingine juu ya fimbo.

"Humo ndani kuna nini kingine?" aliuliza.

"Dawa za maumivu makali. Mofini, kwa mfano. Asili yake ni afyuni."

"Afyuni!" Mzee aliruka. "Wanapewa watu?"

"Ulipewa wewe. Ulipopasuliwa nyonga, siku tatu. Nilikupimia mimi mwenyewe, kwenye kabati hili hili. Ulikuwa unaswali ukiwa umelala, na kati ya swala na swala ulikuwa unamuombea dua daktari."

"Hukuniambia."

"Nilikusomea maelezo yote kitandani. Ulisema, we nipe tu."

Mzee akaketi kwenye kigoda cha mbao kilichokuwa pale kwa ajili ya kufikia rafu za juu. Alikaa hapo, mzee wa watu, kilemba kimeelekea upande. Aliponyanyua uso hakuwa Sheikh. Alikuwa baba, na amechoka.

"Unajua kwa nini siku ile sikusema nionyeshe?" alisema. "Mdogo wangu, baba yenu mdogo, nyie hamkumjua. Alianza kwa kusema kichwa kinamuuma, na bangi ndiyo dawa yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikimtetea kwa mama. Nikisema, ni dawa yake, mwacheni. Tulimzika hajafika miaka thelathini, hamtambui hata mama aliyemzaa. Sikusema nionyeshe kwa sababu nilidhani nimeshaonyeshwa."

Mfamasia alitaka kumshika mkono, akasita, kisha akamshika.

"Ninachokiogopa," alisema mzee, "si mke wangu yule mdogo. Nikifungua mlango kwa ajili yake, kesho kila kijana wa kijiweni atapita humo humo na kichwa kinachouma."

"Huu mlango una kufuli, baba. Umeziona mbili."

Muuguzi mkuu alikuwa ameacha kucheka. Wakarudisha chupa, wakafunga, wakasaini tena.

Siku hiyo mistari kwenye kalenda ilifika ishirini na miwili. Mzee aliihesabu mwenyewe, amesimama nyuma ya mlango wa jiko na kikombe kimepoa mkononi. Kisha akajifungia na vitabu vyake, akawapigia simu wanazuoni wenzake wawili, mmoja akakubaliana naye na mwingine akabishana naye mpaka chaji ikaisha. Alhamisi ilikuwa mbali. Na Sheikh Nionyeshe, ambaye hakuwahi kusogeza baraza hata kwa mafua, aliitisha baraza Jumapili.

Watu walijaa mpaka ngazini. Mzee hakutoa hotuba. Alichukua kalamu, akaenda kwenye ubao, na kuna aliyemnyooshea kitambaa cha kufutia. Alikikataa. Akaandika chini ya maneno yale ya zamani, akisoma kwa sauti kila neno:

*Jibu la hapo juu nililitoa kabla sijaona. Kosa ni langu. Bangi ya kulewa ni haramu, na itabaki haramu. Dawa iliyotengenezwa kutokana na mmea huo, isiyolevya, kwa mgonjwa aliyekosa dawa nyingine ya kumfaa, kwa kipimo, kutoka kwa tabibu mwaminifu, inaruhusiwa. Na Mwenyezi Mungu anajua zaidi.*

Ilichukua muda, maana kila herufi aliinyoosha.

Fundi baiskeli alikuwa wa kwanza kusimama. "Kwa hiyo, sheikh, shemeji yangu na zile chupa zake za soda sasa ni halali?"

"Shemeji yako ana kabati?"

"Hana."

"Ana daftari?"

"Hajui hata kuandika vizuri."

"Anajua kilichomo ndani ya chupa?"

Fundi akajikuna kichwa. "Kusema ukweli, sheikh, huwa anakadiria."

Watu wakaangua kicheko. Mzee akangoja kitulie.

"Sawa, sheikh," alisema mwingine kutoka nyuma, "lakini umeandika tabibu mwaminifu. Sisi watu wa kawaida tutamjuaje? Wote wamevaa makoti meupe."

Hapo mzee aliweka kalamu chini. Alinyooka, mgongo wote, na macho yakaelekea kwenye pazia la kijani.

"Muombe dawa isiyokuhusu," alisema. "Akikupa, mkimbie. Mimi nilimuomba mmoja. Nikamwambia mimi ni babu wa mgonjwa, akaninyima. Nikamwambia ni kwa ajili ya umma, akaninyima. Nikamwambia mimi ni baba yake." Akakohoa, akaendelea. "Miaka thelathini na minane nawaambia kwamba kwenye baraza sina mtoto. Leo ninaye. Yule pale aliyesimama nyuma ya pazia, aliyeniambia mbele yenu nyote kwamba sikuona, ni binti yangu. Mimi ndiye niliyemzaa. Andikeni hilo nalo."

Nyuma ya pazia wanawake walianza kumpiga mgongoni na mabegani, huyu anamvuta, yule anambana, na mama yake mzazi alikuwa akimwambia kila aliyekaa karibu, "Mimi nilisaidia pia," huku machozi yanamchuruzika. Mfamasia alilia kwa furaha bila aibu yoyote. Amepewa vyeti viwili na nishani moja ya wizara katika maisha yake, na vyote vimo kabatini nyumbani. Hakuna hata kimoja kilichowahi kumjaza kifua namna ile.

Jioni hiyo hiyo mdogo wake alipima dawa ya kwanza kwa bomba dogo la plastiki, mkono wa dada juu ya mkono wake, mpaka kwenye alama. Alisema bismillahi. Mtoto alimeza, akakunja uso, akasema wageni wake wanampa vitu vibaya.

Haikuwa miujiza. Wiki ya kwanza mistari ilibaki kumi na minane, ishirini, kumi na tisa. Wiki ya tatu ikawa tisa. Kipimo kikaongezwa, kwa karatasi ya daktari, kwa saini mbili. Mwezi wa pili kukawa na siku za mistari mitatu, halafu siku moja, ya Jumanne, kisanduku cha kalenda kikabaki cheupe, na mama wa mtoto akawa anarudi mlangoni kukitazama kana kwamba kuna mtu ataiba weupe wake.

Alasiri moja ya mwezi huo walikuwa sebuleni wote. Mfamasia alikuwa ametoka kazini, koti bado mwilini. Mtoto alikaa kwenye mkeka mbele ya babu, miguu imekunjwa, mto pembeni. Akaanza. Aya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne mama yake akausogelea mto. Kwenye ya tano bibi akafumba macho. Mtoto akavuta pumzi, akaingia ya sita, akaipita. Ya saba ni ndefu. Aliichukua taratibu, akaivuta pale pa kuvutwa, akaitelemsha mpaka mwisho wake kabisa.

"Amina," alisema mtoto, mwenyewe, maana wengine wote walikuwa wamesahau.

Mtoto aliwatazama mmoja mmoja, akadhani amekosea.

"Imeisha, babu," alisema. "Ndiyo mwisho huo?"

Mzee hakutoka nje. Alivua miwani, akaiweka kwenye mkeka, na uso wake ukaachwa wazi kwa kila mtu.

"Sijaamini, mke wangu," alisema. "Nionyeshe tena."